Swali la Mcheza Ngoma

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea tasnifu ya uzamivu iliyochunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Aliyeiandika ni Penina Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamfahamu zaidi kwa jina la Penina Muhando, na alizaliwa Berega mwaka 1948. Miaka miwili kabla ya tasnifu hiyo alikuwa amechapisha makala kuhusu digubi, ngoma ya unyago wa wasichana wa kwetu, katika jarida la maigizo linalotoka Marekani. Nayataja haya mapema kwa sababu nimewasikia walimu wengi, watu ninaowaheshimu, wakisema kwamba sanaa za jukwaani haziandikiki na kwamba mtihani wa maandishi ni kosa tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa Berega. Ngoma ya kwetu imeandikwa, tena kwa kina, na mtoto wa kwetu, na kuandikwa hakukuiondolea kitu.

Lakini pia nimefundisha sanaa za maonyesho na fasihi ya Kiswahili katika sekondari za mkoa wa Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nimesahihisha karatasi za kutosha kujua kwamba mwanafunzi anaweza kupata alama za juu kabisa katika somo hili bila kuwahi kusimama mbele ya watu hata mara moja. Nimekaa na mambo haya mawili kichwani kwa miaka mingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Berega ni kata ya wilaya ya Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru, ukichepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Watu wa mbali wanaijua kwa hospitali ya Kanisa Anglikana. Sisi tuliokulia huko tunaijua pia kwa kwaya za Jumapili na kwa ngoma za msimu wa baada ya mavuno, mahindi yakishaingia ndani na watu wakiwa na nafasi ya kushughulikia mambo ya ukoo. Mama yangu mkubwa alikuwa mwanzilishi wa nyimbo. Kwenye shughuli yoyote ya wanawake yeye ndiye aliyetangulia, wengine wakaitikia. Hakusoma shule.

Ya ndani ya unyago sitayaandika, na waliopita huko wanajua kwa nini. Ninayoyasema ni ya nje, ya uwanjani, yaliyoonwa na kila aliyekuja. Nikiwa mdogo nilidhani mama mkubwa anaimba tu, na nyimbo zinakuja zenyewe kwa mpangilio wake. Shughuli moja nikaona ameuruka wimbo tuliouzoea, wimbo ambao watoto tulikuwa tukiungoja. Siku chache baadaye, tukipukuchua mahindi barazani, nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo hilo. Kisha akaeleza, na maelezo yake yalichukua mchana wote.

Alisema wimbo ule unagusa deni la zamani kati ya nyumba mbili, na wajomba wa nyumba moja walikuwa wamefika jioni ile. Kwetu ukoo hufuatwa upande wa mama, kwa hiyo ndugu wa mama wana uzito wao kwenye shughuli, na mwanzilishi asiyeangalia nani ameingia anaweza kuiharibu kwa wimbo mmoja. Akaeleza jinsi anavyojua waitikiaji wamechoka: sauti haipungui kwanza, kinachoanza kuchelewa ni makofi. Akaeleza kwa nini wimbo wa polepole huwekwa baada ya mwali kupita katikati ya watu na si kabla. Akaeleza namna anavyompa ishara mpiga ngoma bila kumtazama. “Mwanangu, wimbo una wenyewe,” akaniambia, “lazima ujue wamekaa upande gani.”

Nilikuwa mtoto, lakini jambo moja lilinikaa tangu siku hiyo. Maarifa ya mama mkubwa yalikuwa na maneno. Hayakuwa mikononi na miguuni tu, kama tunavyopenda kusema juu ya wasanii wa vijijini tukidhani tunawasifu. Alikuwa na hoja na sababu, na mifano ya shughuli zilizofanikiwa na zilizovurugika. Alichokosa miaka yote ni mtu wa kumuuliza swali linalostahili.

Na mtihani ulikuwepo. Mwali anapotolewa mbele ya watu, wanawake wanaojua hukaa mahali pao na kumtazama: mabega, macho, anavyoitikia, anavyopokea zawadi. Usiku ule na siku zilizofuata wangesema kama amefundishika au la, na wangemsema pia aliyemfundisha. Kwa hiyo nisingekubali mtu aniambie kwamba mtihani ni mgeni katika sanaa hizi na kwamba shule ndiyo iliyouleta. Shule ilileta karatasi na saa ya ukutani.

Shule za sekondari zinazofundisha sanaa za maonyesho nchini mwetu ni chache mno, na walimu waliosomea kazi hiyo ni wachache zaidi. Wengi wetu tulipewa somo kwa sababu tulikuwa tunafundisha fasihi, au kwa sababu tulionekana tukiongoza kwaya. Wanafunzi nao walilichagua kwa sababu mbalimbali. Wapo waliolipenda kwa moyo. Wapo walioambiwa ni somo jepesi.

Binti ninayemkumbuka alikuwa wa kundi la kwanza. Alitoka vijiji vya juu mlimani, alipanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake, na aliongoza kikundi cha ngoma cha shule kwa namna iliyonikumbusha mama mkubwa. Aliweza kuubadilisha mwendo wa kikundi kizima kwa kunyanyua bega. Akiwa kidato cha nne ukaja mtihani wa moko uliotungwa mahali fulani na kusambazwa kwa shule nyingi. Sehemu ya nadharia iliuliza, kwa Kiingereza, umuhimu wa ngoma za asili kwa jamii, hoja tano. Iliuliza tofauti kati ya aina za majukwaa, na kumtaka mtahiniwa achore jukwaa lenye upinde na pazia na kutaja sehemu zake. Hakuna mtu darasani aliyewahi kuliona jukwaa la namna hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona mjini tu.

Binti yule alipata alama za chini. Kijana aliyeketi mbele yake, ambaye hakuwahi kuingia uwanjani hata kwa kubembelezwa, alikuwa amekariri kijitabu cha maswali na majibu kinachouzwa stendi, naye akaongoza darasa. Sina kinyongo na kijana huyo. Alipewa kazi, akaifanya vizuri. Kilichonisumbua ni kwamba karatasi ile haikuwa na njia yoyote ya kumtambua mwenzake. Sababu moja ilikuwa lugha: ngoma aliicheza kwa Kikaguru, aliifafanua kwa Kiswahili kwa wenzake, kisha akatakiwa kuithibitisha kwa Kiingereza. Lakini lugha haikuwa tatizo lote. Hata maswali yale yangeandikwa kwa Kikaguru, bado yangeuliza mambo ambayo mtu huyajua bila kucheza.

Katika ofisi ya walimu tulibishana sana juu ya matokeo hayo. Mwalimu wa taaluma, mtu mwadilifu aliyepigania kila alama ya shule yetu, aliona sina hoja. “Dada, pepa ni pepa,” alisema. “Wafundishe wakariri, watafaulu, wakifika mbele watacheza.” Mwalimu kijana wa muziki alitaka kinyume chake: maandishi yafutwe yote, mwanafunzi apimwe kwa anachopiga na anachoimba, basi. Nilimpenda kwa moto wake, lakini sikukubaliana naye pia.

Sikukubaliana naye kwa sababu ya mwanafunzi mwingine, mvulana mwenye ulemavu wa mguu, ambaye nusu ya maigizo yetu yalitoka kichwani mwake. Hakucheza, ila ndiye aliyejua nani asimame wapi. Angekaa kwenye benchi chini ya mwembe na daftari lake na kutuambia kwamba onyesho la pili ni refu na kwamba baba katika igizo anaingia mapema mno. Mtihani unaotazama mwili peke yake ungemfungia nje mtu aliyekuwa na akili ya jukwaa kuliko sisi sote. Kuna pia wanaoshona mavazi, wanaotunga, wanaoelekeza. Na mtihani wa vitendo una hatari zake: malaria ya siku moja, msiba, mvua inayomzuia mtahini kufika, mwalimu anayewapa alama watoto wa ukoo wake. Karatasi ina haki fulani ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Anayeisahihisha hamjui mtoto, hajui baba yake ni nani, haoni kama nguo zake ni mpya au za kuazima. Mtoto wa shule ya pembezoni hujibu swali lilelile analojibu wa shule kubwa ya mjini. Sikuwa tayari kulitupa jambo hilo, na siko tayari leo.

Kwa hiyo nikaanza kuamini kwamba ugomvi wa kalamu na ngoma tumeuweka mahali pasipo pake. Tatizo liko katika swali. Na mwalimu, hata akiwa hana sauti yoyote juu ya mtihani wa taifa, ana mtihani wake wa muhula, ambao anautunga mwenyewe na anaweza kuutumia kujaribu mambo.

Tulikuwa tukisoma Nguzo Mama, tamthilia ambayo Penina Muhando aliitoa mwaka 1982. Ndani yake wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo kubwa, na kila mara jitihada zao zinakatizwa na shida za nyumbani na migogoro yao wenyewe. Darasa lolote la fasihi Tanzania linajua la kufanya na kitabu kama hicho. Mwanafunzi anagawanya daftari, fani upande huu, maudhui upande ule. Anaandika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Anaandika kwamba nguzo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke, na anapata alama yake. Hivyo ndivyo vizazi vya vidato vya tatu na nne vilivyosoma pia Ngoswe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu. Semzaba alikuwa mtu wa jukwaa, mwigizaji na mwalimu wa sanaa hizo chuo kikuu. Naamini alipoandika alikuwa akiona watu wakitembea. Maelfu ya watoto walijibu maswali juu ya Ngoswe bila kumwona akiingia kijijini na mfuko wake wa karatasi za sensa.

Nguzo Mama tuliitoa nje, kwenye kiwanja nyuma ya bwalo. Na jambo la kwanza lililotukwamisha halikuwa falsafa ya mwandishi. Lilikuwa nguzo. Hatukuwa na nguzo. Gogo la kweli lingekuwa la hatari, na la maboksi lilionekana kichekesho, wasichana walipolibeba watazamaji wa madarasa ya chini walicheka. Nikawaacha walitatue wenyewe kwa juma zima. Walijaribu kuigiza bila kitu chochote mikononi. Ikashindikana, mikono yao ilipanda juu kana kwamba imebeba hewa. Wakagombana. Mmoja akapendekeza wafunge kamba, mwingine akasema nguzo iwe mtu aliyelala. Kisha binti yule wa mlimani akawaambia wasimame, akawauliza ni nani kati yao hajawahi kubeba gogo la kuni na mwenzake. Wakaanza upya.

Mtihani wa muhula ulipofika, nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuandika sehemu moja kwa Kiswahili, akanikubalia kwa jaribio. Swali kubwa la karatasi ile lilisema hivi: kikundi chako hakina nguzo, eleza mtazamaji atajuaje kwamba kitu wanachoinua wanawake wa Patata ni kizito, na utaje sehemu moja ya onyesho ambapo mlibadili uamuzi wenu na sababu ya kuubadili. Swali la pili liliwataka waeleze dakika moja ambapo watazamaji walifanya jambo ambalo wachezaji hawakulitarajia, na wachezaji walilipokeaje.

Kijana wa kijitabu aliandika ukurasa mzima juu ya nguzo kama ishara. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na hakikujibu swali. Alikuja baadaye kuniuliza, kwa heshima lakini ameumia, kwa nini hakupata alama. Nikamwambia muhula ujao aingie kikundini. Aliingia. Hakuwa mchezaji mzuri, ila alijifunza kuangalia, na karatasi yake iliyofuata ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Binti yule aliandika nusu ukurasa. Alisema watu waliobeba kitu kizito hawazungumzi kwa sentensi ndefu, kwa hiyo maneno mengi yaliyokuwa karibu na kuinua waliyasogeza kabla yake, na wakati wa kuinua wakaacha maneno mafupi tu ya kuhimizana. Alisema pumzi husikika kabla ya hatua, na kama hatua ikitangulia mtazamaji anajua ni uongo. Alisema uzito huonekana kwenye kisigino na kiunoni kuliko mikononi. Alisema wimbo hauwezi kuanzishwa na aliyebeba, bali na mwenye mikono mitupu, na ndiyo maana waliutoa kwa wanawake wakampa Chizi, mhusika anayesimulia. Na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mara ya kwanza waliimba wimbo wa furaha ili kuchangamsha, lakini watazamaji walianza kupiga makofi na nguzo ikawa nyepesi machoni pao, wakaubadili.

Niliisoma karatasi ile ofisini jioni walimu wenzangu wakiwa wameshaondoka. Nilimpelekea mwalimu wa taaluma kesho yake. Aliisoma mara mbili akasema, huyu mtoto anajua. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lenye uzito katika habari hii yote: nitasahihishaje karatasi elfu kumi za namna hii?

Sikuwa na jibu la haraka, na ni haki kueleza jinsi kazi ilivyo. Swali la kutaja hoja tano lina mwongozo rahisi. Msahihishaji aliyechoka saa kumi jioni anaweza kuutumia, na wasahihishaji wawili watakubaliana. Swali langu halina hoja tano. Mimi na mwalimu wa fasihi tulilazimika kukaa pamoja, kila mmoja akasoma karatasi zote peke yake, kisha tukalinganisha. Mwanzoni tulitofautiana vibaya. Yeye alizawadia lugha nzuri, mimi nilizawadia ujuzi wa uwanjani. Tulipozungumza tukagundua kuna mambo tunayokubaliana kuyatafuta: je, mwanafunzi ametaja tukio fulani hasa, au anaongea kwa ujumla? Je, kuna uamuzi uliofanywa? Je, kuna sababu, na sababu hiyo inamhusu mtazamaji? Tukaandika hivyo kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ikawa mwongozo wetu. Baada ya hapo tofauti zetu zilipungua sana. Msahihishaji anaweza kufundishwa kuutumia. Unachukua muda zaidi na unadai msahihishaji aliyewahi kushiriki onyesho, na hayo ni gharama. Sioni kwamba ni gharama isiyowezekana.

Nchi yetu imeyajua haya siku nyingi. Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamikia mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa amri ndani ya muda uliowekwa, na kuacha uwezo wa kufikiri. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza letu la Mitihani likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi shuleni vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Nia ilikuwepo kwenye maandishi makubwa ya taifa. Kilichoirudisha nyuma, nionavyo mimi, ni wingi wa watahiniwa na hofu ya upendeleo, na hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Wala si sisi peke yetu. Kenya mtahiniwa wa muziki wa kidato cha nne amekuwa akifanya karatasi tatu, ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia. Uingereza, baada ya mageuzi ya mwaka 2016, karatasi ya maandishi ikawa asilimia 40 ya mtihani wa maigizo wa vijana wa miaka 16, na huko pia kuna maswali yanayomuuliza mtahiniwa angelichezaje onyesho fulani, au aeleze onyesho la jukwaani aliloliona kwa macho yake. Hilo la mwisho lingekuwa rahisi kwetu kuliko kwao. Mtoto wa Berega hahitaji nauli wala tiketi ili aone onyesho la moja kwa moja. Analikuta kwenye harusi, kwenye unyago, kanisani, na hakuna karatasi iliyowahi kumwambia kwamba aliyoyaona huko yanahesabika.

Mlama mwenyewe, pamoja na Amandina Lihamba na wenzao wa chuo kikuu, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako matatizo ya kijiji yalichezwa na wanakijiji kisha yakajadiliwa. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme katika sekondari, wasichana wakayachambua matatizo yao, wakayacheza na kuyazungumza mbele ya shule. Kwa upande wangu, kilichonigusa katika kazi hizo ni mpangilio. Kucheza kunafuatwa na maneno. Aliyecheza anaulizwa, naye anajibu, na katika kujibu anajua alichokuwa anajua. Ndicho kilichotokea barazani kwa mama mkubwa, mahindi yakiwa miguuni.

Sasa mitaala iliyoboreshwa imeanza kutumika tangu Januari 2024, ikiwa na mkondo wa amali unaotaka vitendo vipewe nafasi kubwa, na sanaa zimo. Nimefurahi, na nina wasiwasi mmoja ambao wenzangu wengi hawana. Wanadhani mtihani ukishakuwa wa vitendo, kukariri kumekwisha. Nimekaa kwenye meza ya majaji wa mashindano ya shule na nimeona ngoma zilizokaririwa: zimekatwa zitoshe dakika zilizopangwa, wachezaji wamewageuzia watazamaji migongo ili nyuso zielekee meza yetu, tabasamu limewekwa mahali pa tabasamu kwa sababu fomu ina alama za tabasamu. Ukimuuliza kiongozi kwa nini mzunguko unavunjika pale, anasema mwalimu alituambia. Mtoto huyo amecheza, na hajaulizwa afikiri kitu. Fomu ya jaji inaweza kufanya madhara yaleyale ya kijitabu cha stendi.

Kwa hiyo ningependa vitendo na maandishi viandamane siku moja. Asubuhi kikundi kinacheza mbele ya watu, si mbele ya meza. Mchana, kila mmoja, akiwemo yule aliyekaa kwenye benchi na daftari, anaandika juu ya alichokifanya asubuhi: nini kilibadilika, nani alikuwepo, uamuzi gani ulifanywa na kwa nini. Karatasi hiyo haikaririki usiku uliotangulia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijatokea. Iandikwe kwa lugha ambayo mtahiniwa anafikiria kwayo ngoma yake. Na mtahini anapofika kwenye shule ya pembezoni, apewe msaidizi wa mahali hapo, mwanzilishi wa nyimbo au mpiga ngoma anayeheshimika, akae naye wakati wa onyesho na kumwambia anachokiona, kwa maana mgeni kutoka mjini hawezi kujua kwamba wimbo ulioachwa ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko wote ulioimbwa. Msaidizi huyo aandikwe kwenye orodha ya malipo kama wanavyoandikwa wasimamizi wa mitihani, alipwe posho na nauli, na jina lake liwekwe kwenye ripoti. Kwenye kata kama yetu bado wapo wanawake wanaoweza kazi hiyo kesho asubuhi, na wengi wao wana umri mkubwa.